Ukuta wa Simbamwene: Historia ya Kulinda Njia za Habari Katika Morogoro

 Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba redio inasikika mpaka kwa wale waliokaa nyuma, na kwamba kila mtu ana kalamu na daftari lake.

Somo letu la leo ni la historia. Tutazungumza juu ya njia ambazo watu wa Morogoro na milima ya Uluguru wamepelekeana habari kwa muda wa miaka mia na hamsini, na jinsi njia hizo zilivyolindwa au zilivyoshindwa kulindwa. Halafu tutaingia katika chuo kikuu, tuone vijana wetu wanavyofundishwa kazi hiyo siku hizi, na kwa nini kazi yao ya mwisho kabla ya kuhitimu hufanywa na kikundi wala haifanywi na mtu mmoja peke yake.

Huenda mzee mmoja pale nyuma ananong'ona: mambo ya kompyuta yatuhusu nini sisi tunaojifunza kusoma na kuandika? Mzee wangu, yatuhusu sana, na kabla ya somo kwisha utaona yanatuhusu sisi kuliko wengine. Lakini kwanza turudi nyuma.

Katikati ya karne ya 19, mahali ulipo mji wa Morogoro leo, alikaa mtawala mmoja jina lake Kisabengo. Alijenga mji wenye boma kando ya mto Ngerengere, chini ya milima, na mji huo ukaitwa Simbamwene. Kisabengo alipofariki, binti yake alishika utawala, naye akajulikana kwa jina hilo hilo la Simbamwene. Misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita karibu na mji huo, ikiwa imebeba vitambaa, shanga, bunduki na habari. Ndiyo, na habari pia, kwa sababu siku zile habari haikuwa na miguu yake yenyewe. Ilitembea na mpagazi, ikalala alipolala.

Mwaka 1871 alipita hapo mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, ambaye alikuwa anamtafuta Dr. Livingstone. Aliutazama mji ule akastaajabu. Aliandika kwamba ulikuwa wa pembe nne, na katika kila pembe palisimama mnara wa mawe. Kila upande wa ukuta ulikuwa na lango moja katikati, yaani malango manne kwa jumla, yenye milango ya mbao ngumu iliyonakshiwa kwa ustadi. Mtu asingeweza kuingia isipokuwa kwa lango, na langoni palikuwa na watu wa kumwuliza: nani wewe, watoka wapi, umebeba nini?

Kumbukeni vizuri picha hii ya ukuta na malango manne, maana tutairudia.

Mwaka uliofuata, 1872, Stanley alirudi kwa njia ile ile akiwa safarini kwenda pwani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na mto Ngerengere ulikuwa umefurika. Aliyoyakuta aliyaandika: mto ulikuwa umeuchukua upande mzima wa mbele wa ukuta, na nyumba zipatazo 50 zilikuwa zimebomolewa na maji. Minara ilijengwa kwa ajili ya adui mwenye bunduki. Adui aliyeuvunja ukuta hakuwa na bunduki, wala hakubisha hodi langoni. Alikuwa ni mto ule ule waliokuwa wakichota maji kila siku.

Mimi hupenda kisa hiki kuliko visa vingi vya vita, na nadhani kila mtu anayejifunza ulinzi wa kitu chochote angepaswa kukisoma.

Sasa tuendelee. Mwezi wa Februari 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Desemba 1907 ilifika Morogoro, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kando ya reli zilisimama nguzo, na juu ya nguzo ulipita waya wa simu ya maandishi. Karani alikaa stesheni akigonga chombo chake, mgongo mfupi, mgongo mrefu, na karani mwenzake mbali sana alisikia migongo ile na kuigeuza kuwa herufi. Kwa mara ya kwanza habari ikaacha kutembea na mpagazi. Neno lililosemwa Dar es Salaam asubuhi liliweza kusomwa Morogoro asubuhi ile ile.

Lakini angalieni tarehe. Mwaka ule ule wa 1905, mwezi wa Julai, vita vya Maji Maji vilianza kusini ya mto Rufiji, katika nchi ya Wamatumbi. Wajerumani walikuwa na waya, na wananchi hawakuwa nao. Wananchi walikuwa na kitu ambacho Wamatumbi waliita njwiywila, maana yake habari ya siri inayopita kwa mnong'ono kutoka mtu hadi mtu anayeaminiwa. Kwa njia hiyo habari ya maji ya dawa ilienea mbali. Maji yale hayakuzuia risasi, na watu wengi mno walikufa katika vita na katika njaa iliyofuata. Jambo hilo ni la huzuni, tena lina somo lake lenyewe. Kwa somo la leo nataka mwone hili tu: njia ya habari ni watu kwanza, waya baadaye. Njwiywila ilikuwa mtandao kamili, na funguo zake zilikuwa katika vinywa vya watu.

Miaka tisa baadaye ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Je, mwajua mizinga ya kwanza ya Waingereza katika mji wa Dar es Salaam ilielekezwa wapi? Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuja mbele ya bandari ikaupiga mtambo wa simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya. Wajerumani wenyewe waliuangusha mlingoti wake. Waingereza walijua kwamba ukimkata adui ulimi na masikio, nusu ya kazi umekwisha kuifanya.

Serikali ya Wajerumani ilihama pwani ikaja kukaa hapa Morogoro, mbali na mizinga ya meli, penye reli na waya wa simu. Kwa muda wa miaka miwili mji wetu huu mdogo chini ya Uluguru ulikuwa ndio kichwa cha nchi. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Walikuwa wameijenga njia kwa miaka mingi na kwa jasho la watu wetu, na wakaivunja kwa muda mfupi. Ndugu, njia ya habari huwa hivyo: hujengwa polepole, hukatika mara moja.

Nitapita haraka katika miaka iliyofuata. Ilikuja simu ya mdomo, na pale posta alikaa mtu wa kuunganisha, aliyechomeka waya wako katika tundu la yule unayemtaka. Mtu huyo aliweza kusikia siri zote za mji kama akitaka. Watu walimtegemea tu kwa uaminifu wake. Sina habari ya mtambo wowote wa siku zile uliokuwa na ulinzi mzuri kuliko karani mwenye kiapo na haya usoni.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa kuwa zilikuwa zinakula fedha za kigeni bila kuleta faida iliyotarajiwa, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Wako wanaoicheka marufuku hiyo leo. Mimi siicheki. Mtu akinunua mashine asiyekuwa na watu wa kuielewa, amenunua deni. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kufunga mlango kwa muda mrefu kupita kiasi, hata vijana wakakosa mahali pa kujifunzia.

Katikati ya miaka ya 1990 intaneti ilianza kutumika nchini, na mwaka 1995 Tanzania ikapata alama yake yenyewe katika anwani za mtandao, yaani herufi tz. Mwaka 2008 ilianza M-Pesa, na watu wakaanza kutumiana fedha kwa simu ya mkononi. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM, kebo nene yenye nyuzi za kioo iliyolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Serikali nayo ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea bara, unaopita Morogoro, karibu kabisa na njia ile ile ya misafara na ya reli. Milima haihami, na njia kati ya milima ni zile zile.

Hapa mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno MTANDAO. Tulieleze vizuri kabla hatujaenda mbele.

Wale mliotoka Mgeta mnaijua mifereji ya kule. Maji hutoka kijito cha mlimani, huingia katika mfereji mkubwa, mfereji mkubwa hugawanyika katika midogo, na midogo huingia katika matuta ya kabichi, karoti na viazi. Mtandao wa kompyuta ni mifereji. Badala ya maji hupita habari: barua, picha, hesabu, fedha. Chombo kinachogawa habari katika nyumba moja huitwa swichi. Ni kama mahali mfereji wa shamba moja unapogawanyika matuta matuta. Chombo kinachoamua habari iende shamba gani au mji gani huitwa ruta. Kompyuta kubwa inayotunza habari ili wengine waje kuchota huitwa seva. Hiyo ni kama bwawa. Na chombo au programu inayokaa mahali mfereji unapoingia nyumbani mwako, ikiuliza kila kinachopita, nani wewe na watoka wapi, huitwa ukuta wa moto. Msiogope jina. Ni ukuta wa Simbamwene wenye malango yake.

Sasa, mtu wa juu mlimani akifunga mfereji, wa chini hana maji. Mtu akitia uchafu juu, wa chini wataugua. Mtu wa katikati akitoboa mfereji usiku, atachota maji ya wenzake. Hatari za mtandao ni hizo hizo tatu: habari kuzuiwa isifike, habari kuharibiwa njiani, na habari kusomwa au kuibwa na asiyehusika. Andikeni daftarini maneno matatu: kuzuiwa, kuharibiwa, kuibwa. Ulinzi wote wa mitandao, hata ule wa mabenki makubwa, huanzia kwenye maneno hayo matatu.

Mwezi wa Mei 2024 sote tulionja lile la kwanza. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, upande wa kusini mwa Afrika, na hapa kwetu Tanzania intaneti ikadhoofika sana kwa siku kadhaa. Hakuna mwizi aliyevunja nenosiri la mtu. Njia ilikatika bila mwizi, ndugu zangu, kama ukuta ule wa 1872.

Tuje sasa kwenye jambo la kufanya kazi kwa vikundi. Tarehe 2 Novemba 1988, huko Marekani, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachia katika mtandao programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Inakadiriwa kwamba kompyuta zipatazo 6,000 zilipatwa, na wakati ule hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya mtandao mzima. Wataalamu walikuwapo, tena wengi, kila mmoja katika chuo chake. Taabu ni kwamba walizoea kuzungumza kwa mtandao ule ule uliokuwa unaugua, na wengine walikuwa wameuzima kwa hofu. Programu ile ilifunguliwa na kueleweka kwa sababu vikundi vya watu, wengine pwani ya mashariki na wengine pwani ya magharibi, vilikesha pamoja, huyu akichambua kipande hiki na yule kile, kisha wakapashana habari. Baada ya tukio hilo kikaundwa kikosi maalumu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha kuitikia hatari za namna hiyo. Nchi nyingi zimefuata mfano huo, na kwetu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kikosi chetu cha taifa. Zikafuata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tangu hapo walimu wa mitandao wamezidi kuona kwamba haitoshi kumpa kijana mtihani akaujibu peke yake chumbani. Mtandao haumngoji mtu mmoja.

Sisi Watanzania tusilione jambo hili kuwa geni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, chini ya miembe na katika shule, wakasikiliza redio kama mnavyosikiliza sasa, wakajadili, halafu wakaondoka pamoja kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kusikiliza, kujadili, kutenda. Utaratibu wa vyuo ninaotaka kuwaeleza hauna tofauti kubwa na huo.

Hapa Morogoro mjini kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Na chini ya milima hiyo hiyo, upande wa barabara ya Iringa, kipo Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa na kufanywa chuo kikuu mwaka 2001. Katika vyote viwili utakuta vijana wanaosomea mambo ya kompyuta na habari. Utaratibu wa kila chuo una tofauti zake. Nitakayoyaeleza ni namna somo la mwisho la mitandao na ulinzi wake linavyoendeshwa kwa kawaida katika vyuo mbalimbali duniani, pale linapofanywa kwa vikundi, na mfano nitautoa kwetu ili tuelewane.

Tuseme wanafunzi watano wamepewa kazi hii: kuna zahanati katika tarafa ya Matombo inayotaka kuunganisha kompyuta zake nne, kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na kupeleka hesabu ya dawa mjini. Umeme hukatika. Fedha ni kidogo. Mna wiki kumi na nne.

Jambo la kwanza hawagusi waya. Wanakwenda kuuliza. Nani anaandika jina la mgonjwa? Nani anaruhusiwa kusoma ugonjwa wake? Karani wa dawa anahitaji kuona nini, na hapaswi kuona nini? Kijana aliyezoea kukimbilia mashine huchoka sana na juma hili la kwanza, na walimu wengi watakwambia kwamba ndilo linaloamua kazi yote. Kisha wanachora ramani. Wanapanga kila chombo kiwe na anwani yake, kama namba za nyumba. Wanagawa mtandao mmoja vyumba viwili, ili mgeni anayetumia intaneti ya barazani asiweze kamwe kufika penye kumbukumbu za wagonjwa. Wanahesabu gharama kwa shilingi, na hapo ndoto nyingi hupunguzwa.

Wanagawana kazi. Mmoja hushika nyaya na swichi, mwingine ruta, wa tatu seva pamoja na nakala za akiba, wa nne ulinzi, na wa tano huandika kila kitu na kusema na mwenye zahanati. Baada ya majuma machache mwalimu mwenye busara huwaambia: badilishaneni. Aliyekuwa wa nyaya ashike seva. Kelele huwa kubwa! Lakini maana yake ni nini? Siku mtu wa seva akiugua malaria, je, zahanati ifungwe? Hapo ndipo huonekana kama daftari la kikundi liliandikwa sawasawa au liliandikwa kwa ajili ya kumfurahisha mwalimu. Kwa maoni yangu daftari hilo ni kipimo bora cha kazi kuliko mashine zenyewe, maana mashine yaweza kununuliwa tena kesho, lakini ujuzi uliokaa katika kichwa kimoja huondoka na kichwa hicho.

Karibu na mwisho huja siku ambayo wanafunzi huiogopa na kuipenda. Kikundi kingine hupewa ruhusa, kwa mkataba wa maandishi na ndani ya mipaka iliyowekwa, kujaribu kuuvunja mtandao huo. Hutafuta lango lililosahauliwa wazi. Hupiga simu na kujifanya fundi kutoka mjini, wakiomba nenosiri. Mwalimu naye huchomoa waya mmoja bila kusema, au huzima umeme, kwa kuwa mto nao ni adui. Kikundi kinachotetea lazima kione, kiseme, kitende, halafu kiandike: saa ngapi, nani aliona, nini kilifanyika. Ruhusa hiyo ya maandishi si mchezo. Mtu akijaribu mambo hayo katika mtandao wa watu wasiompa idhini, ni mhalifu, na sheria ya 2015 itamkuta, hata kama alikuwa anajifunza.

Yako matatizo, na nisiyafiche. Katika kila kikundi yupo mtegemea cha nduguye, anayengoja wenzake wafanye naye apate alama. Yupo pia yule hodari anayefanya kazi yote peke yake usiku na kuwanyang'anya wenzake nafasi ya kujifunza, na huyo wa pili hudhuru zaidi, kwa sababu hupigiwa makofi. Ndiyo maana walimu huwauliza wanafunzi mmoja mmoja mwishoni: onyesha ulichofanya wewe, kisha eleza alichofanya mwenzako.

Hapo sasa nataka kuwapeleka Matombo kwa sababu nyingine, na wazee wa huko watakumbuka au walihadithiwa na wazazi wao. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kukata matuta ya ngazi katika miteremko. Shabaha ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji haikuwa mbaya. Lakini kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi ukikata ngazi unaufukia udongo wenye rutuba na kuutoa juu ule usiozaa. Waliolima hawakushauriwa, waliamriwa. Mwaka 1955 zikatokea ghasia Matombo, mtu akapoteza maisha yake, na mpango ule ukafa. Mgeta, ambako watu walikuwa na maji na walilima mboga za kuuza, kilimo cha ngazi kilishika, na hata leo ngazi mnaziona.

Kwa nini nimelileta jambo hili katika somo la mitandao? Kwa sababu mafundi wa ulinzi hupenda sana kuamuru. Badilisha nenosiri kila mwezi! Liwe na herufi kumi na mbili! Muuguzi mwenye wagonjwa 40 mlangoni hulibandika nenosiri hilo kwenye karatasi juu ya meza, na ukuta wote umekwisha kazi yake. Kikundi cha wanafunzi kinachojua kazi yake hukaa na muuguzi huyo na kumwuliza: mama, jambo gani litakufaa wewe ufanye kazi yako bila kuchelewa, na mgonjwa naye asiaibishwe? Wakoloni hawakuwauliza wakulima wa Matombo swali la namna hiyo.

Na sasa, mzee wangu wa nyuma, nimefika kwako.

Ukienda Soko Kuu la Chifu Kingalu utaona akina mama wanaoshuka na ndizi na mananasi kutoka milimani. Fedha zao nyingi siku hizi zimo katika simu. Asiyejua kusoma hufanyaje akitaka kutuma fedha kwa mwanawe aliyeko shuleni? Humpa kijana wa kibandani simu yake, na humtajia namba ya siri kwa sauti, watu wakisikia. Au hupata ujumbe wa maandishi: ile hela tuma kwenye namba hii. Hawezi kuusoma mwenyewe, humwomba jirani amsomee, na jirani humsomea kwa haraka, naye hutuma, akidhani ni mwanawe. Mkongo umepita baharini salama, ruta zimefanya kazi, ukuta wa moto umesimama, na fedha za mavuno zimekwenda. Lango lililokuwa wazi ni hilo la mwisho, nalo halifungwi na fundi yeyote kutoka chuoni. Linafungwa na mtu anayeweza kusoma namba, herufi kwa herufi, na kuilinganisha na ile aliyoiandika daftarini mwake kwa mkono wake.

Ndiyo sababu nasema ninyi mko ndani ya somo hili kuliko wengine. Mwanafunzi wa chuo anamlinda mwanakijiji kwa nusu ya njia tu. Nusu nyingine ni darasa hili.

Sasa kazi ya vikundi. Mwalimu awagawe watu wanne wanne, na katika kila kikundi awepo mmoja anayesoma vizuri na mmoja anayeanza. Kwanza, kila kikundi kichore njia ambayo fedha au habari hupita kutoka kwenu hadi kwa ndugu yenu aliye mbali: andikeni jina la kila anayeshika habari hiyo njiani, kijana wa kibandani, jirani, mtoto wa shule, wote. Pili, wekeni alama ya msalaba mahali habari yaweza kuzuiwa, kuharibiwa au kuibwa. Tatu, kila mtu aandike kwa mkono wake namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani kwake, kisha mwenzake aisome kwa sauti, na mwenyewe aangalie kama ni sawa. Namba ya siri isiandikwe, wala isitajwe, hata kwa mwalimu.

Mkimaliza, kila kikundi kichague msemaji, naye awe yule anayeanza kusoma. Wenzake wamsaidie, lakini wasiseme badala yake. Mna dakika 30. Mwalimu, punguza sauti ya redio, waanze.